Kutoka Galveston hadi kwenye mkonge wa Yucatán

Nianze na bei ya safari yetu ya meli kwenda Meksiko, maana ndiko hasira zilikoanzia. Meli za utalii zinazoondoka Galveston, huku kwetu Texas, hutangazwa kwa nauli ambayo ukiiona unadhani ni ya basi. Ukishalipa ndipo mengine yanafuata. Bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kwa kampuni nyingi kubwa ni kati ya dola 16 na 20 kwa kila kichwa kwa siku, inakatwa yenyewe kwenye akaunti yako ya melini. Intaneti unalipia. Kuegesha gari bandarini unalipia kwa siku. Na kifurushi cha vinywaji kina sharti lililonichosha kabisa: mtu mzima mmoja akinunua, watu wazima wote wa chumba hicho nao wanunue. Nilikuwa na mama yangu mzazi, mama wa Kiislamu wa Muheza, Tanga, ambaye maisha yake yote hajaonja bia. Tuliachana nacho. Maji, chai na kahawa ya kawaida havilipiwi, kwa hiyo beba chupa yako ujaze.

Na hili mnaowaleta wazazi msilipuuze. Meli ikirudi Galveston, mzazi wako anahesabiwa kuwa anaingia Marekani upya. Viza yake ikiwa ya kuingia mara moja tu, tayari ilishatumika siku aliposhuka uwanja wa ndege. Ya Mama ilikuwa ya kuingia mara nyingi, na Meksiko inampokea mwenye viza hai ya Marekani bila kumdai nyingine. Hata hivyo yule binti wa dirishani bandarini aliigeuzageuza ile pasi ya Tanzania mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

Chumba chetu kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho cha bei nafuu. Kwa anayeswali kina shida yake: hujui kumekucha au bado, na kibla kinahama kila meli inapogeuka. Tulifungulia televisheni kwenye ile ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea, Mama akawa anaitazama kwanza ndipo anatandika mswala. Chakula kilikuwa kingi ila kimepungukiwa chumvi. Chai ndiyo iliyomwondoa raha, maji ya moto na kifuko kwenye uzi, mpaka mhudumu mmoja kutoka India alipomwona anasukuma kikombe kando. Kesho yake akaja na birika la chai iliyochemshwa na maziwa, tangawizi na iliki. Mama alimwombea dua palepale, yule kijana akainama kama anapokea kwa bibi yake.

Cozumel, kisiwa cha Meksiko, tulishuka, tukaogelea, tukarudi. Maji yake ni mazuri mno na teksi zake ni ghali. Yaishie hapo.

Kilichonifanya nikae niandike ni Progreso, kwenye pwani ya kaskazini ya Yucatán, jimbo la Meksiko. Bahari ya hapo ni kina kifupi hadi mbali sana, kwa hiyo wamejenga gati linaloingia majini kilomita zipatazo sita na nusu, na basi la bure ndilo linalokutoa melini hadi nchi kavu. Wengi hukimbilia ufukweni au Chichén Itzá, magofu ya Wamaya, wenyeji wa asili wa huko. Mimi nilikuwa nimenunua melini safari ya Sotuta de Peón, shamba la zamani kusini ya Mérida, mji mkuu wa jimbo hilo. Dola mia na ushee kwa kila mtu, na niliumia, lakini safari iliyouzwa na meli yenyewe ina faida kwamba mkichelewa barabarani meli inawasubiri. Ukienda na teksi yako ukachelewa, utaiona inaondoka.

Mama sikuwa nimemwambia tunakwenda kuona nini. Basi lilipoacha barabara kuu, akanyamaza. Kulia mistari ya mkonge, kushoto mistari ya mkonge, na katikati reli nyembamba za trola. Akanishika mkono. "Mwanangu, huku ni wapi?"

Mama alifanya kazi brashi, pale nyuzi zinaposafishwa kwa mashine, katika shamba la mkonge upande wa Muheza, tangu akiwa msichana mpaka mashine ziliposimama. Marehemu baba alikuwa mkataji. Babu yangu mzaa baba aliletwa Tanga kutoka Buha, Kigoma, akiwa manamba, na hakurudi tena kwao. Sisi sote tumekulia kambini, tunaamshwa na king'ora cha korona, ile mashine ya kuponda majani ya mkonge. Na pale, ng'ambo ya bahari mbili, Mama akasikia korona ikiwashwa.

Mashine ni ileile. Majani yanapanda kwa mnyororo, yanaingia kwenye ngoma, yanapondwa, singa, yaani nyuzi, zinatokea upande wa pili zikiwa mbichi, za kijani hafifu, na maji yananuka vilevile, ule uchachu unaokaa kwenye nguo hata ukifua. Watalii wenzetu walikuwa wameziba pua. Mama alikuwa amesogea mbele ya kamba ya usalama.

Kisha akashika jani, na vidole vikarudi nyuma haraka. Pembeni lilikuwa na meno. Mkonge wa kwetu pembeni ni laini, una mwiba mmoja tu mweusi kwenye ncha. "Huu si wetu," akasema, karibu kwa kulalamika. Mzee mmoja wa Kimaya aliyekuwa anaonyesha kazi ya mikono akamuuliza mwongozaji mama huyu anasema nini. Mimi nikamwambia mwongozaji kwa Kiingereza, mwongozaji akamwambia mzee kwa Kihispania, jibu likarudi kwa njia hiyohiyo: huu ni henequén, na una ndugu yake wa kijani asiye na meno, naye amepandwa hukuhuku tangu zamani. Huyo ndiye wetu. Kutoka Yucatán alipelekwa Florida miaka ya 1830, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote yale, na ndiyo iliyomfuata babu yangu hadi Buha.

Nilipomweleza Mama haya, hakujibu. Alichukua fungu la singa zilizoanikwa kwenye waya, akalivuta, akalitazama kwenye jua, akasema hii haingepita daraja la kwanza. Kisha akaketi karibu na yule mzee, akapandisha khanga kidogo, akaanza kusokota kamba pajani. Mzee naye akasokota yake. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Kila mmoja alikuwa anatazama mkono wa mwenzake, na Mama akamsahihisha, akamgusa kabisa kidole kumwonyesha pa kukaza.

Trola ya kukokotwa na nyumbu ikaondoka na wenzetu kwenda kuogelea kwenye cenote, shimo lenye maji baridi chini ya mwamba, ambalo nililipia. Mama alikataa kunyanyuka. Sikulazimisha.

Mwongozaji akatueleza yaliyobaki kivulini: fahari ya Mérida, yale majumba ya barabara ya Paseo de Montejo, ilijengwa kwa pesa za kamba zilizofunga ngano ya Marekani, na vibarua, Wamaya na Wayaqui waliohamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini, walifungwa na madeni ya duka la shamba. Mwaka 1937 Rais Cárdenas wa Meksiko akayagawa mashamba kwa wanavijiji. Sisi Tanzania tulitaifisha mwaka 1967, miaka mitatu baada ya kuvuna kiasi ambacho hatujakifikia tena, tani zipatazo 230,000. Kisha kamba za plastiki zikatuangusha wote wawili. Kinachoniuma ni kwamba wao korona ya pale wanaiwasha kwa ajili ya wageni, na mgeni analipa. Kwetu nimeona mitambo ya namna hiyo ikikatwakatwa na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na wazee walioiendesha bado wako hai, wanakaa barazani, hawaulizwi neno.

Galveston, afisa wa forodha alimuuliza Mama kama amebeba mmea wowote. Mche hakubeba, nilikuwa nimeshamkataza. Alitoa mkobani ile kamba, afisa akaipima kwa kidole, akairudisha. Usiku huohuo Mama akampigia simu shangazi Muheza, na kwa muda mrefu walizungumza habari za nani hasa aliyekuwa fundi wa korona mwaka ule, kwa sababu Mama anataka mzee huyo atafutwe, aketi mbele ya kinasa sauti cha simu yangu nitakapokwenda Desemba.