Nyayo za Aliyepiga Magoti

Tangu goti langu la kushoto ligome kukunjika, nimekuwa nikitazama picha za kidini kwa wivu. Kanisani wenzangu wakipiga magoti, mimi najisogeza ukingoni mwa benchi na kuinama, kama mtu anayetafuta sarafu iliyomponyoka.

Nilidhani Wakristo walipiga magoti tangu mwanzo. Kumbe kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, Roma, anayesali amechorwa wima, mikono juu. Na Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, uliagiza Jumapili watu wasali wamesimama. (Niliposoma hilo nilifurahi kupita kiasi.)

Halafu wakaja matajiri. Huko Padova, Italia, mnamo 1305, mchoraji Giotto alimchora tajiri Enrico Scrovegni amepiga magoti, anamtolea Bikira Maria kanisa alilolijenga. Babake alikuwa mkopeshaji wa riba, kwa hiyo ana sababu ya kunyenyekea. Lakini goti lake limezama ndani ya joho la zambarau. Kinachoonekana ni jengo. Tena uzito wa jengo lenyewe kaubeba kasisi begani! Goti la namna hiyo siliamini sana.

Ninalolisadiki ni lile alilolichora Caravaggio, kwenye kanisa la Sant'Agostino, Roma. Mahujaji wawili wamepiga magoti mlangoni mbele ya Maria aliyempakata mtoto. Hawatutazami. Mwanamume ametugeuzia nyayo zake, nene, zimejaa uchafu wa safari, na kwa kuwa picha iko juu ya altare, zinakukabili kabla hujaufikia uso wa Maria. Baglione, mchoraji mwenzake aliyekuwa na ugomvi naye, aliandika kwamba watu waliipigia kelele picha hiyo kwa sababu ya miguu hiyo.

Rembrandt naye alifanya vivyo hivyo kwa mwana mpotevu, kwenye picha iliyopo katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg, Urusi. Uso wa kijana umefichika kifuani mwa baba. Kiatu cha kushoto kimemvuka, unyayo uko wazi. Cha kulia kimelika hadi kisigino kinachungulia. Hadithi yote ya alikotoka iko pale chini, na yeye mwenyewe haioni. Tunaoiona ni sisi tulio nyuma yake.

Jumapili iliyopita, nikiwa nimeinama kama kawaida yangu, mbele yangu kulikuwa na soli ya kiatu cheusi kilichopigwa rangi vizuri juu. Chini kulikuwa na tundu, limezibwa kwa kipande cha kadibodi.