Siku nne Istanbul, na vijana wawili wenye maoni

Tumemaliza kupanga jana usiku barazani, na sauti imenikauka. Binti wa miaka 16 anataka maduka. Kaka yake mdogo, 14, anataka kulala mpaka saa tano, halafu ale.

Mimi nilishaandika ratiba yangu kwenye daftari la mahesabu ya duka: Jumapili soko kubwa lenye paa, Jumanne kasri la Topkapı. Binti akachukua simu, akaangalia, akanigeuzia kioo bila kusema neno. Soko hufungwa Jumapili. Kasri hufungwa Jumanne. Nikafuta kimya kimya.

Tulichokubaliana sote ni feri ya kutoka Eminönü kwenda Kadıköy. Unaondoka Ulaya, dakika kama ishirini hivi, unashuka Asia. Kijana akasema, "Mama, si ni kama kuvuka kutoka Lamu kwenda Mokowe tu?" Nikamwambia ndiyo, ila huko hakuna wa kukubebea mzigo na punda. Alichofurahia zaidi ni kusikia kwamba mji ule umejaa paka barabarani. Mtoto wa Lamu, paka hawajamtosha!

Kisha nikafungua pasipoti. Ya kwangu sawa, ya binti sawa. Ya kijana imebakisha miezi mitatu, na Uturuki wanataka pasipoti ibakishe siku 60 zaidi baada ya muda wa viza kuisha. Miezi yote hii nimegombana nao kuhusu saa za kuamka, kumbe pasipoti iko kabatini chini ya leso, inaisha muda.

Tiketi sijakata, alhamdulillahi. Jumatatu asubuhi tunaanza na fomu ya pasipoti mpya.