Insha yenye mapambo tele, lakini haina picha

Fungua rundo la insha za Gredi ya 5 nchini Kenya na hutakosa jogoo aliyewika, jua lililochomoza kwa madaha na mtu mrefu kama mlingoti. Mapambo haya yalikaririwa miaka na mikaka kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambapo insha ilifanywa kwa dakika 40 na kutuzwa alama 40. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, ila mazoea ya kukariri yangalipo. Urembo wa lugha hauna ubaya. Kinachouma ni mtoto kuandika kuhusu soko analolipita kila siku, na lisionekane.

Mwalimu, kipindi kimoja cha dakika 35 kinatosha kuanza kurekebisha hili. Andika ubaoni: "Mama aliingia akiwa amechoka." Kisha piga marufuku neno "kuchoka" na jamaa zake wote: hoi, taabani, uchovu. Uliza: mikono yake ilifanya nini? Aliketi wapi? Aliitikiaje salamu? Waache wajibu kwa mdomo kwanza, wawiliwawili, maana asiyeweza kulisema jambo atahangaika kuliandika. Halafu wape dakika 7 waandike sentensi 3. Shabaha ni kitu kama hiki:

"Mama aliutua mkoba palepale mlangoni. Aliketi bila kuvua viatu. Nilipomwamkia, aliitikia kwa kichwa tu."

Hapo uchovu umeonekana wenyewe.

Wengi watakimbilia vivumishi: mlango mbaya, mkubwa, mkuukuu. Warudishe kwenye vitenzi, kwa sababu Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili na uhondo wake wa kueleza hali uko kwenye kitenzi. Mlango mbaya ukiwa "mlango uliong'oka bawaba ya juu, kila ukifunguliwa unakwaruza sakafu", msomaji anausikia. Zoezi zuri ni kuwapa nomino 5 (ndoo, paa, shati, njia, mbwa) na kuwataka waeleze kila moja kwa kitenzi, bila kivumishi hata kimoja. Shati limefifia kolani. Njia inateleza. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko unavyodhani.

Tanakali za sauti nazo zina nguvu, mradi zioane na mahali: kuanguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu, ardhini ni pu. Aliyeanguka mchangani chubwi amekariri orodha bila kuielewa. Moja kwa aya yatosha.

Wakishaonja utamu wa maelezo, watazidisha. Msimulizi anafukuzwa na mbwa, naye amesimama kutueleza rangi ya vifungo vya shati lake! Wafundishe kuweka maelezo pale hadithi inapotua: kufika mahali, kukutana na mtu, kungoja. Mambo 3 kwa kila kituo, basi. Mbio na ugomvi vinataka sentensi fupi.

Kusahihisha darasa la watoto 60 kusikukatishe tamaa. Usijaze wino mwekundu ukurasa mzima. Pigia mstari sentensi moja tu, andika pembeni "Nionyeshe", naye mwanafunzi aiandike upya sentensi hiyo peke yake chini ya insha. Ukikosa pa kupigia mstari, tafuta "sana". Niliogopa sana, nilifurahi sana, palipendeza sana: mara nyingi hapo ndipo mtoto alipoona kitu na hakukiandika.