Chokaa ya Wamaya na tanuru la babu

Mwezi wa pili sasa niko Mkomani, hapa Lamu, natengeneza ukuta wa nyumba ya zamani. Fundi aliyenitangulia aliupiga saruji juu ya matumbawe. Unyevu ukakosa pa kutokea, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikawa zinamomonyoka ukizigusa. Tumeibandua saruji yote, tunarudishia chokaa.

Usiku nasoma habari za Wamaya, wenyeji wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati. Nilianza na picha ya piramidi ya Chichén Itzá, Meksiko. Ina pande nne, kila upande ngazi 91, na ukiongeza jukwaa la juu unapata 365, siku za mwaka. Hesabu nzuri, lakini mimi nilikuwa natazama viungo vya mawe. Yameshikwa na nini?

Ni chokaa! Nilisimama na simu mkononi. Na yale mawe matupu tunayoyaona pichani leo hayakuwa matupu: mahekalu mengi ya Wamaya yalipakwa plasta ya chokaa, mengi yakatiwa rangi nyekundu.

Karne iliyopita wachomaji chokaa wa Yucatán, Meksiko, walikuwa bado wanapanga kuni kwa mviringo, wakiacha tundu katikati la kutilia moto, na mawe juu yake. Hilo ni tanuru la babu yangu kabisa, isipokuwa yeye alipanga magogo ya mikoko na matumbawe ya Manda. Likishazima alituzuia watoto tusilisogelee: "Msiiguse mpaka mvua iipige." Nilikuwa na miaka saba, na joto lile nalikumbuka usoni.

Sisi jiwe linabebwa na punda kutoka gatini. Wamaya hawakuwa na punda, wala ng'ombe wa kukokota, wala mkokoteni. Walichonga kwa gumegume, na mzigo ulipanda mgongoni mwa mtu, umeshikwa na ukanda uliopita kwenye paji la uso. Kwa namna hiyo waliinua piramidi ya La Danta, katika mji wa El Mirador huko Guatemala, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kimo chake kama mita 72. Mimi nikipanda na karai la chokaa ghorofa ya pili magoti yanalia.

Kuni zilikwenda nyingi mno. Wako wataalamu wanaoamini kwamba kule El Mirador uchomaji wa chokaa ulichangia kuumaliza msitu, na udongo ukaporomokea kwenye mabwawa waliyoyategemea. Hapo niliwaza mikoko yetu, nikanyamaza kitambo. Chokaa naipenda, lakini kila gunia lina mti ndani yake.

Kisha kuna jambo la Copán, Honduras, ambalo limenikosesha usingizi. Uchunguzi uliochapishwa 2023 ulikuta mabaki ya mimea ndani ya plasta ya Wamaya. Watafiti wakaloweka magome ya miti ya huko, chukum na jiote, wakachanganya maji yake na chokaa, na ikatoka plasta ngumu inayostahimili maji.

Chukum hatuna. Gome la mkoko tunalo, kutoka kwenye boriti zilizokwisha kukatwa. Jana nimeloweka ndoo moja, na maji asubuhi hii ni mekundu kama chai ya rangi. Nitajaribu dhiraa moja tu, ukuta wa nyuma ya choo, ambako chumvi hula kwanza. Mwenye nyumba ameniruhusu. Masika ikipita nitaweka picha hapa.