Nilivyompitisha mama Highway 1 ya California kwa moteli ndogo ndogo, baada ya kukwama mara ya kwanza

Jamani naandika hii sababu nimechoka kusikia watu wanaambiwa kuhusu Highway 1, ile barabara inayofuata bahari, "pwani ya California unaimaliza siku moja tu, asubuhi uko Los Angeles jioni uko San Francisco". Mi niliambiwa hivohivo mwaka 2017 na mwenzangu wa kazini, nikamwamini, ikanigharimu. Kwa hiyo naanza na hiyo kwanza, ndo nije kwenye safari ya mama ambayo mpaka leo naionea fahari.

Ilikuwa Julai 2017, Jumamosi, mi na mdogo wangu. Tumetoka Los Angeles saa kumi na moja alfajiri, chumba tumeshalipia Monterey kwenye app, kile cha bei nafuu ambacho ukighairi hela hairudi. Mpaka Santa Barbara raha tupu, Pismo Beach tukashuka kukanyaga mchanga, Morro Bay ukungu umefunga hata lile jiwe lao kubwa hatukuliona. Tukapita Cambria mchana. Hapo simu ikaanza: geuza gari, rudi nyuma, shika barabara ya 46 uelekee Paso Robles. Mdogo wangu akasema hii simu imechanganyikiwa, inatupeleka bara wakati sisi tunataka bahari. Nikaona ana hoja, nikazima sauti. Tukapita San Simeon, tukapita kibao cha rangi ya chungwa, tukapita kingine, magari yanazidi kupungua mpaka tumebaki wenyewe na mi moyoni nafurahi kwamba leo barabara yote ni yetu. Kupita Ragged Point kidogo, kizuizi. Mwisho wa safari.

Kumbe mlima ulishuka! Sehemu inaitwa Mud Creek, tarehe 20 Mei mwaka huohuo, zaidi ya tani milioni moja za mawe na udongo zimeporomoka zikafunika karibu theluthi ya maili ya lami na kuingia mpaka baharini. Na mbele zaidi, upande wa kaskazini, daraja la Pfeiffer Canyon nalo lilikuwa limeharibiwa na mvua za msimu ule mpaka wakalivunja, kwa hiyo watu wa Big Sur, ule mwambao wa milima, walioko katikati walikuwa kama wako kisiwani. Sisi hatuna habari yoyote, tumekuja na miwani ya jua na chipsi. Kuwaonyesha tu ukubwa wake, daraja jipya lilifunguliwa Oktoba, na pale Mud Creek magari yalianza kupita tena Julai 2018.

Tukageuza. Cambria moteli zote zimejaa, Cayucos zimejaa, Morro Bay tunapita mtaa hadi mtaa ile taa nyekundu ya "no vacancy" inawaka kila mlango, Jumamosi ya Julai unategemea nini. Saa nne usiku ndo tumepata chumba Paso Robles, bara kabisa, hata harufu ya bahari hakuna, chumba kinanuka sigara na bei ni kama mara mbili ya kile cha Monterey, ambacho nilishalipia na hawakunirudishia hata senti. Nilimpigia simu yule aliyenishauri, akanijibu "aa, nilisahau kwamba imefungwa". Alisahau!

Basi tangu siku ile kitu cha kwanza kabisa nafanya, hata kabla ya kuangalia gari, ni kuuliza kama barabara ipo. Kuna QuickMap, ramani ya mtandaoni ya Caltrans, wale wanaosimamia barabara kuu za California, na kuna namba yao ya simu 1-800-427-7623, unataja namba ya barabara wanakusomea palipofungwa. Mi huuliza wiki moja kabla, siku moja kabla, na asubuhi yenyewe. Ule mwambao wa Big Sur unaporomoka kila mara, sio kitu cha ajabu, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na chini yake ni bahari tu. Na ukikutana na kizuizi katikati usidhani kuna kichochoro cha kutokea, kwenye kile kipande chote ipo njia moja tu ya kuvuka milima kwenda bara, Nacimiento-Fergusson, nyembamba, kona tupu, na yenyewe hufungwa.

Sasa 2019 mama akaja kututembelea. Mama magoti yanamsumbua, ngazi hapandi, na hapo ndo nikaja kuzipenda moteli ndogo kuliko hoteli yoyote. Unapaki gari mbele ya mlango, hatua nne uko ndani, hakuna lifti wala kuburuta mabegi kwenye korido. Watu wanazidharau bure.

Nilichagua Septemba, baada ya Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi, ile Jumatatu ya kwanza ya mwezi, shule zimefunguliwa, familia zimerudi makwao, na ukungu wa Juni na Julai unakuwa umepungua. Katikati ya wiki, sio wikendi, sababu wikendi moteli nyingi za pwani zinakulazimisha ulale siku mbili na bei inapanda. Na safari hii hatukuanzia kusini. Siku ya kwanza tulipanda mpaka San Francisco kwa ile njia ya bara ya I-5, inachosha, haina cha kuangalia, kama saa sita hivi umefika, alafu ndo unashuka na bahari. Ukishuka kutoka kaskazini uko upande wa maji, kila sehemu ya kuegesha iko kuliani kwako, unaingia na kutoka bila kukatiza mbele ya magari. Ukipanda kutoka kusini kila ukitaka kusimama lazima ukatize njia ya wanaokuja, tena kwenye kona. Yule bwana wa siku moja hili nalo hakunambia.

Kupanga kwenyewe nilianza na vitanda. Yaani nilichora wapi tunalala, vivutio nikavijaza baadaye. Kutoka Carmel mpaka San Simeon ni kama maili 90 tu, ukiangalia ramani unasema saa mbili na nusu, lakini mtu mwenye macho hawezi kupita kwa saa mbili na nusu, sisi ilituchukua siku nzima. Na kulala ndani ya Big Sur penyewe bei zake siziwezi, kwa hiyo nikaweka kitanda kimoja mlango wa kaskazini, Pacific Grove jirani na Monterey, na kingine mlango wa kusini, Cambria. Ila Pacific Grove niliweka usiku mbili. Mdogo wangu akalalamika tunapoteza siku, nikamwambia hiyo ni siku ya akiba, ukungu ukifunga tuna pa kukaa. Na kweli ilitusaidia, nitawaambia.

Vyumba vyote nilipiga simu mwenyewe moja kwa moja. Kwenye app unaona bei na picha, lakini app haitakuambia chumba namba ngapi kiko karibu na mashine ya barafu inayonguruma usiku kucha. Nilikuwa nauliza: chumba cha chini kipo, cha mwisho wa safu, mbali na barabara? Hita inafanya kazi? (Hili msilipuuze, usiku wa pwani ile ni baridi hata kama mchana kulikuwa na jua.) Ofisi inafungwa saa ngapi, nikichelewa funguo naipata wapi? Nikighairi mpaka lini sikatwi? Na bei hiyo ni pamoja na kodi? Sababu kodi ya kulala inaongezwa juu, asilimia kumi na zaidi, ukiisahau bajeti inakataa. Mara mbili nilipunguziwa bila kuomba, nadhani kwa vile nilipiga simu kama mtu. Kwa wastani ilikuwa dola mia na kitu kwa usiku, kuna moja ilifika karibu mia na sabini.

Sasa Pacific Grove. Tumefika jioni, mama kajifunga kitenge juu ya sweta, tunaongea zetu Kiswahili pale mapokezi. Mzee wa Kihindi yuko nyuma ya meza anaandika, akanyanyua kichwa, akasema, "Karibuni. Mmetoka wapi nyinyi?" Kiswahili safi! Mi nikajikuta nimesema shikamoo mzee. Akaweka kalamu chini. "Marahaba," akasema, alafu akarudia tena taratibu, "marahaba. Miaka mingapi sijaitikia hiyo." Kazaliwa Mwanza, kaondoka kijana miaka ya sabini mwanzoni, kapitia Uingereza, kaja huku kwa kaka yake aliyekuwa na moteli. Wahindi wenye asili ya Gujarati wana moteli nyingi sana Marekani, na baadhi yao walitokea kwetu Afrika Mashariki, wengine ni wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, lakini kulijua hilo ni kitu kimoja na kuitikiwa shikamoo yako ukiwa California ni kitu kingine. Mama akavuta kiti. Tulikaa pale saa nzima, mabegi bado yako kwenye gari.

Asubuhi nimeamka mapema kuwahi barabara, nafungua mlango, ukungu mweupe kama pamba, gari langu lenyewe silioni vizuri. Mzee akatoka na kikombe cha chai akaniambia, "Usiondoke. Unauona ule mti ng'ambo?" Siuoni. "Ukikaa mpaka saa tano ukaona kilele chake, washa gari. Usipokiona, leo pumzika." Saa tano, saa ile ile yetu. Tukasubiri. Saa tano ikafika, mti ni shina tu, juu hakuna kitu. Tukapumzika, tukaenda kwenye akwariamu ya Monterey na mama akasimama mbele ya kioo cha samaki mpaka miguu ikamuuma. Kesho yake saa nne na nusu kilele hichoo, kimenyooka. Tukawasha.

Mafuta nilijaza tank Monterey, sababu ndani ya Big Sur bei yake utashtuka. Ramani niliipakua kwenye simu na ya karatasi nikaweka mlangoni, network kule inakata maili kwa maili. Chakula tulibeba. Na kwa mwenye mzazi: ukikuta choo, simama, hata kama hakuna aliyeomba.

Daraja la Bixby tumefika kumejaa watu, tukasubiri nafasi halali ya kuegesha, wengine wanaacha gari nusu barabarani, msifanye hivyo. Ni upinde mmoja wa zege juu ya korongo, limefunguliwa 1932, na barabara yenyewe kutoka Carmel mpaka San Simeon ilifunguliwa 1937 baada ya miaka 18 ya kuijenga. Nikamwambia mama kwamba sehemu ya kazi ilifanywa na wafungwa wa gereza la San Quentin. Akanyamaza, akaangalia ule ukuta wa mlima kutoka juu mpaka kwenye povu la mawimbi. Akasema, "Na waliodondoka, nani alienda kuwachukua kule chini?" Sikuwa na jibu. Tulikaa kimya mpaka kona tatu mbele.

Naendesha taratibu, na foleni nyuma ikikua naingia pembeni napisha. Ni sheria ya California, ukiwa mwendo wa taratibu kwenye barabara ya njia mbili na nyuma yako wamefika magari matano, unaingia sehemu ya kupishia ya kwanza iliyo salama. Mi sisubiri wafike watano. Ukipisha, presha inashuka, unaiona bahari.

Kabla ya San Simeon tukasimama Piedras Blancas kwenye sili tembo, wale wanyama wakubwa wa baharini wanaolala ufukweni. Bure kabisa, parking bure, njia ya mbao imenyooka haina ngazi, mama alitembea mwenyewe. Septemba madume makubwa wengi wako baharini, wale wanaofika zaidi ya tani mbili utawakuta Desemba mpaka Februari majike wakizaa, sisi tulikuta wadogo, wamelala kama magunia, wanajirushia mchanga mgongoni. Cambria tumeingia jua bado lipo.

Kesho yake Morro Bay, na safari hii lile jiwe lilikuwa wazi, mita 176, na chini yake fisi maji wamejiviringisha mwani tumboni wasichukuliwe na maji wakiwa wamelala. Usiku wa Morro Bay mama alitoa kiti nje ya mlango, hakuingia mpaka taa za mashua zimewaka zote.

San Luis Obispo niliwalazimisha tupite kuona jengo la moteli iliyofunguliwa 1925, Milestone Mo-Tel, ya mchoraji majengo Arthur Heineman, ndo neno moteli lilipoanzia, motor na hotel vikaunganishwa. Kilichobaki ni kidogo, mdogo wangu akasema umetusimamisha kwa ukuta. Mi nilipiga picha nane. Baada ya hapo Pismo, Santa Barbara usiku mmoja, Malibu foleni, nyumbani.

Jumla sikuiandika vizuri, vyumba, mafuta na chakula kwa watu watatu ilikuwa dola elfu moja na mia kadhaa.

Yule mwenzangu bado tuko naye kazini. Juzi nimemsikia anamwambia binti mgeni, "siku moja tu, unaimaliza." Nikamwita yule binti pembeni nikamwandikia kwenye karatasi ile namba ya Caltrans, na chini yake namba ya moteli ya Pacific Grove, nikamwambia akifika aanze na shikamoo.