Wikiendi ya BBE

Tulikuwa kidato cha pili upele ulipoingia bwenini. Ilikuwa Juni, na baridi ya Iringa mwezi huo si ya mchezo; wasichana tulilala wawili wawili ili tuunganishe mablanketi. Mchana tulivumilia. Usiku, mwili ukishapata joto, bweni zima lilikuwa kujikuna hadi alfajiri. Walimu walitusema kwa uchafu. Sikukubali wakati ule na sikubali leo: kijidudu cha upele hupita ngozi kwa ngozi, hata kwa anayeoga mara tatu kwa siku.

Kabla matroni hajajua, kila mtu alikuwa na tiba yake. Mmoja alijipaka mafuta ya taa. Mwingine alipaka krimu ya dukani ya kutuliza muwasho. Ikamtuliza kidogo, kisha vipele vikatapakaa mpaka mapajani.

Jumamosi matroni akaja na chupa za BBE (benzyl benzoate) ya asilimia 25, dawa ya upele, nyeupe kama maziwa, pamoja na brashi mpya za kupakia rangi. Tuoge, tujikaushe, halafu tupakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, kiunoni, chini ya kucha. Na asirukwe mtu, anajikuna au hajikuni.

Dada mkuu akajaribu bahati yake. "Shikamoo matroni. Mimi sina kitu."

"Marahaba mwanangu. Vua."

Penye mikwaruzo iliunguza mpaka tukarukaruka. Aliyenawa mikono alipakwa mikono upya. Jumapili tukarudia. Mashuka yakachemshwa, mablanketi yakafungiwa kwenye magunia stoo, maana kijidudu hicho kikikosa ngozi ya mtu hufa ndani ya siku chache. Tukalala na masweta, kila mtu kitandani kwake.

Muwasho haukuisha hapo. Uliendelea kwa wiki kadhaa, na wengine wakaenda kuomba wapakwe tena. Matroni akakataa: wadudu wamekufa, ila mwili bado unawakataa, kuzidisha dawa ni kujichubua bure. Akatugawia losheni ya kalamaini ya kutuliza muwasho.

Tulipofunga shule, aliwapa wenye wadogo nyumbani kichupa kimoja kimoja na karatasi ya maelekezo: nyumba nzima, siku moja, mtoto mchanga apelekwe zahanati kwanza. Mama aliisoma, akaikunja, akamwita baba aanze yeye.