Umefika wapi na sigara, afande?

Mwaka wangu wa kwanza katika wodi ya mifupa hapa Dodoma niliamini kwamba askari ndiye mgonjwa rahisi kuliko wote kumwachisha sigara, kwa kuwa amezoea kupokea amri. Nilikuwa nikisimama miguuni pa kitanda na kusema, "Afande, kuanzia leo sigara basi," naye hujibu, "Sawa, sista," kwa sauti iliyonyooka. Jioni namkuta nyuma ya tangi la maji, magongo yameegemea ukuta, moshi unachukuliwa na upepo wetu wa mwezi wa nane pamoja na vumbi. Niliuita utovu wa nidhamu. Nilichelewa kuelewa kwamba askari hujibu "sawa" kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na kwamba jibu hilo halinielezi hata kidogo moyo wake uko wapi.

Mwaka 1983 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Prochaska na Carlo DiClemente, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wakiacha sigara kwa juhudi zao wenyewe, na kutokana na kazi yao tumezoea kusema kwamba mtu hupita hatua: yupo ambaye hajaanza hata kuwaza kuacha, yupo anayewaza huku akisitasita, yupo anayejiandaa kuacha ndani ya mwezi mmoja, yupo aliyekwisha kuanza, na yupo anayepambana asirudie. Wapo wataalamu wanaosema mipaka hiyo ni ya kuchorwa tu, na kwamba watu wengi huacha ghafla bila mpango wowote. Nakubaliana nao kwa sehemu, kwa maana nimeona kitanda cha hospitali kikimsogeza mtu hatua mbili kwa usiku mmoja. Hata hivyo, mpangilio huo ulinifundisha kuuliza kabla ya kusema.

Nitaeleza habari za koplo mmoja aliyeletwa na mguu uliovunjika kwa ajali ya pikipiki, akawekewa vyuma kwa nje. Alikuwa akivuta tangu depo, na sigara ya kwanza ya siku alikuwa akiiwasha kabla hajashuka kitandani, jambo ambalo kwetu ni dalili kwamba mwili umefungwa na nikotini hasa. Sikumwambia aache. Nilivuta kiti, nikamuuliza, "Kutoka sifuri hadi kumi, afande, leo uko tayari kuacha kwa kiasi gani?" Akasema nne. Nikamuuliza kwa nini amesema nne, asiseme sifuri. Alinyamaza kitambo, akautazama mguu, kisha akasema kwamba lindoni usiku sigara ndiyo mwenzake, lakini binti yake mdogo siku hizi hakubali kubebwa kwa sababu ya harufu. Ningemuuliza kwa nini hakusema kumi, angenipa orodha ya visingizio. Swali lile lingine lilimfanya azitaje sababu zake kwa kinywa chake mwenyewe.

Ndipo nikamwomba ruhusa nimweleze jambo kuhusu mguu wake. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu, hivyo mfupa unaotaka kuunga hupata chakula pungufu. Nilipomweleza kwamba hewa hiyo huanza kutoka mwilini siku ileile mtu anapoacha kuvuta, aliniuliza iwapo siku ya kesho ingefaa kuanza.

Siku ya tatu alimfokea mhudumu kwa sababu ya uji uliopoa. Mgonjwa wa namna hiyo huandikwa haraka kuwa ni mkorofi, ilhali ni alosto, yaani mateso ya mwili unaodai nikotini uliyoizoea, nayo huwa kali zaidi katika siku hizo za mwanzo kabla ya kulegea wiki baada ya wiki. Bazoka za nikotini, zinazotafunwa ili kutuliza hamu ya sigara, ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, lakini wodini kwetu hatunazo, hivyo tulimpa tulichonacho: maji, mazoezi ya kupumua, na pakiti ya ubuyu aliyoletewa na mkewe, ambao aliumung'unya punje moja moja kila hamu ilipopanda, mpaka vidole vikawa vyekundu kwa rangi yake.

Sajini wa kitanda cha jirani aliniambia waziwazi kwamba hataki kusikia habari hizo. Nilimshukuru kwa ukweli wake, nikamwomba tu asivute kabla ya upasuaji, na nikamwambia kwamba siku akitaka kuzungumza anaweza kuniita. Simhukumu. Jeshi la Marekani lenyewe liliweka sigara ndani ya mgao wa chakula cha askari hadi mwaka 1975, na tabia iliyopandwa hivyo haing'olewi kwa hotuba ya muuguzi.

Kinachonisikitisha ni siku ya kuruhusiwa. Tafiti zimeonyesha kwamba msaada unaoanzia hospitalini hufaa pale unapoendelea walau mwezi mmoja baada ya mgonjwa kutoka, lakini fomu tunayojaza ina nafasi mbili tu, anavuta au havuti, kisha mtu anarudi kambini kwa wenzake walewale. Kwa hiyo niliandika namba ya simu ya yule koplo kwenye daftari langu, nikawa nampigia kila Ijumaa.

Aliporudi kliniki wiki ya sita alinieleza, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba alivuta mbili msibani. Nilimuuliza swali lilelile la sifuri hadi kumi. Akasema saba. Tukahesabu pamoja siku alizokaa bila kuvuta, kisha nikamuuliza ni nini kilichomzuia asiwashe ya tatu.